Kibao cha Mringaringa

Siku ile mliponisaidia kutoa vitabu vyangu kabatini, mmoja wenu, yule mrefu wa hisabati, aliniuliza swali nikajifanya sijasikia. Aliuliza, "Mama, hivi kila Alhamisi ukitoka hapa ulikuwa unakwenda wapi?" Nikamwambia ashike mwisho wa meza tubebe. Sasa nimestaafu, muda ninao, magoti yananiuma na mume wangu amechoka kunisikiliza. Basi nitawajibu kwa maandishi, na mkisoma msiruke mistari, maana ninawajua.

Humu msitafute habari za vyeo wala mishahara. Vyeo nilivyopata mnavijua, na mshahara wa mwalimu hauhitaji kusimuliwa, kila mmoja anauona mfukoni mwake. Nitawaeleza habari ya kibao kimoja, bibi mmoja na mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliyeacha kusema kwa sababu yangu.

Nilihamia shule hii katikati ya miaka ya themanini. Nilitoka Tanga, ambako nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza miaka tisa, na nilikuja kwa sababu mume wangu alipata kazi ya ufundi wa mitambo mjini Moshi. Sikuja kwa hiari. Nilipandishwa huku Uru kwenye pikapu iliyotoka kushusha ndizi sokoni, nimekalia sanduku langu, baridi inanipenya mpaka kwenye meno. Dereva akanitazama akasema, "Mwalimu, hili ni jua. Ngoja mwezi wa saba." Nikajua nimekwisha.

Siku ya kwanza darasani walikuwepo watoto themanini na sita. Madawati yalikuwa kumi na manne, waliobaki walikaa chini juu ya majani makavu ya migomba. Wakasimama wote kwa pamoja: "Shikamoo Mwalimuuu!" Nikafurahi. Nikasema, haya, hawa wanajua Kiswahili, kazi yangu nyepesi. Nikamuuliza wa mbele, "Jina lako nani?" Akanijibu, "Shikamoo Mwalimu." Nikamuuliza wa pili, "Umekuja na nani?" Naye akasema, "Shikamoo Mwalimu." Loo! Ile shikamoo ndiyo ilikuwa akiba yao yote ya Kiswahili, na wakaitoa kwa moyo mkunjufu kila nilipofungua kinywa.

Sasa nitasema kweli, maana nimekula chumvi ya kutosha kusema kweli. Mimi nilikuwa na kiburi. Nilikilalia Kiswahili kitandani, nikakila mezani, nikakichezea uani. Niliposikia watoto wale wakiongea Kichagga chao wakati wa mapumziko niliona kama wananificha kitu. Nikaamua kuwanyoosha. Huko nilikotoka nilikuwa nimesikia wakongwe wakisimulia dawa ya jambo hilo, nami nikaitengeneza.

Nilikwenda kwa fundi seremala wa pale njia panda, nikamwomba anikatie kipande cha mti wa mringaringa, cha mviringo, ukubwa wa sahani ndogo ya kikombe. Akanikatia kizuri, akakipiga msasa. Nikatoboa tundu juu, nikatia kamba ya katani niliyokuja nayo kutoka kwetu. Kisha nikachoma msumari kwenye makaa na kuandika herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko ule ule ninaoufundisha: NIMESEMA KICHAGGA. Kazi safi kabisa. Nilikiangalia nikajisifu.

Sheria yake ilikuwa rahisi. Atakayesema Kichagga ndani ya uwanja wa shule anavishwa kibao shingoni. Anakaa nacho mpaka amsikie mwingine akisema, amvishe yeye. Atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia, anafagia uwanja peke yake. Mwalimu hana haja ya kukimbizana na mtu, watoto wanakamatana wenyewe. Niliwahi hata kuieleza kwenye kikao cha walimu kama mbinu mpya. Mwalimu Mkuu wetu wakati ule, Mwalimu Barnaba, mzaliwa wa hapa hapa, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Mwalimu Zuhura, mbinu hiyo si mpya." Halafu akaendelea na ajenda ya chaki. Sikumwelewa.

Katika watoto wale alikuwamo msichana aitwaye Felista. Aliishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Manka, kwa sababu mama alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na mitumba, mara yuko Holili mpakani, mara yuko ng'ambo, akirudi nyumbani siku mbili na kuondoka tena. Nyumba nzima ilikuwa ni bibi, mjukuu, ng'ombe mmoja wa zizini na mbuzi. Kiswahili angekipatia wapi? Wiki ya kwanza ya kibao alikivaa siku nne. Wiki ya pili alikivaa siku zote, akafagia uwanja siku zote. Wiki ya tatu hakukivaa hata mara moja, nami nikampigia makofi mbele ya wenzake.

Ilinichukua karibu mwezi kugundua kwamba alikuwa ameacha kusema kabisa. Si Kichagga, si Kiswahili. Nikimwita jina kwenye daftari la mahudhurio ananyanyua mkono. Nikimuuliza, anatazama miguu. Na mimi, mwalimu wa miaka tisa, mwenye cheti, niliandika kwenye ripoti yake maneno mawili: "Mzito. Hasemi."

Siku moja kabla ya mapumziko ya saa nne Bibi Manka akaja shuleni. Mwanamke mrefu, mkavu, kitenge cha bluu, na mkononi ndizi za kuchoma alizozifunga kwenye jani kwa sababu Felista alizisahau. Lakini nadhani ndizi zilikuwa kisingizio. Alikuwa amekuja kuniona, kwa kuwa hata nyumbani mtoto alikuwa amenyamaza. Akasimama mlangoni mwa darasa akaniamkia kwa Kichagga, kwa adabu yote, maneno marefu ya mtu mzima kwa mwalimu wa mjukuu wake.

Darasa zima likageukia mlangoni. Kibao siku hiyo kilikuwa shingoni mwa kijana mmoja wa dawati la nyuma. Mtoto yule akatazama kibao, akanitazama mimi, akamtazama bibi. Sheria ni sheria. Akainuka, akapita katikati ya wenzake mpaka mlangoni, akakivua, akanyoosha mikono. Bibi Manka, akidhani mtoto anampa heshima, akainama. Akavishwa.

Akafurahi jamani! Akakishika, akakigeuza, akazipapasa zile herufi nilizozichoma. Kule parokiani akina mama wa chama chao walikuwa wakivishwa nishani zenye utepe siku ya sikukuu, yeye hakuwahi kupata. Sasa shule imemwona. Imeona kwamba analea peke yake. Akasema, "Aika, aika," akageuka huku na huku darasa limwone. Hilo neno hata mimi nilikuwa nimeshalijua. Ni asante.

Na hapa ndipo nilipopaswa kuinuka, nimvue, nimwombe radhi, yaishe. Sikuinuka. Niliziba mdomo kwa daftari nikacheka. Watoto waliponiona mabega yanatikisika wakapasuka kicheko wote, isipokuwa Felista. Bibi naye akacheka pamoja nasi, akidhani ni furaha. Akaondoka zake na kibao shingoni, na mimi nikafuta machozi ya kicheko nikaendelea na somo.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho, mimi si mtu wa kanisani, nilisimuliwa na Mwalimu Barnaba. Jumapili Bibi Manka alikaa benchi la mbele, kibao kiko juu ya kitenge kila mtu akione. Misa ilipokwisha, akina mama wakamzunguka nje. Hii ni ya nini? Umepewa na nani? Akasema ni ya shule. Kijana mmoja wa sekondari akasogea akawasomea kwa sauti, kisha akaeleza, maana aliona hawajaelewa: "Bibi, hii ni adhabu. Huvalishwa mtoto mwenye makosa." Mwalimu Barnaba aliniambia kuwa Bibi Manka hakukivua. Aliwaaga wenzake mmoja mmoja, akateremka kwao na kibao shingoni, mgongo umenyooka.

Jumatatu Felista hakuja. Jumanne hakuja, na wengine watano hawakuja. Ijumaa nilipoita majina, ishirini na mbili hawakuitikia. Kina bibi na kina mama wa kata nzima walikuwa wamekubaliana, tena bila kikao: kama vinywa vyetu ni makosa, basi watoto waliotoka kwetu wakae kwetu.

Hao ishirini na mmoja sikuwaogopea sana. Walikuwa na baba na mama nyumbani, wangerudishwa. Felista ndiye aliyenikosesha usingizi. Miaka ile msichana akishaacha shule darasa la kwanza, anapewa mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, na ng'ombe hashibi. Mama yake yuko mpakani. Mwenye uamuzi ni Bibi peke yake. Zilikuwa zimebaki wiki tano kufika likizo, na nilijua asiporudi kabla ya hapo, shule kwake imekwisha, akiwa na umri wa miaka minane.

Nikaenda ofisini kwa Mwalimu Barnaba nikalia. Hakunibembeleza. Akasubiri nimalize, akasema, "Umemaliza? Haya. Mimi kile kibao nilikivaa nikiwa darasa la pili. Changu kilikuwa cha bati. Kinakwaruza." Nikamuuliza kwa nini basi hakunikataza. "Nilidhani ndivyo watoto wanavyoelimika," akasema. "Na mimi si nimekuwa Mwalimu Mkuu? Hilo kosa tutagawana, binti wa Tanga. Kesho tunakwenda kwa Bibi, na hatuendi mikono mitupu."

Nikadhani tutanunua sukari. Kesho yake alinipitia akiwa na jani moja tu, refu, la kijani, alilolikata kwenye ua wa kihamba chake, lile shamba la migomba la nyumbani. Isale. Ninyi mliozaliwa huku mnalijua, lakini wageni niwaeleze: mtu akimkosea mwenzake, humpelekea jani la isale kuomba msamaha, naye aliyekosewa akiletewa hatakiwi kulikataa. Hata kama ni ugomvi wa mpaka wa shamba, hata kama ni damu. Akanikabidhi nilishike mwenyewe, kwa mikono miwili. "Mimi nitasema," akasema. "Wewe kazi yako leo ni kunyamaza. Unaiweza?"

Tulimkuta Bibi Manka ameketi nje, anamenya ndizi. Kibao kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari mlangoni. Felista alipotuona akakimbilia nyuma ya zizi. Mwalimu Barnaba akaamkia, akasema maneno mengi, na Bibi akajibu mengi zaidi bila kuacha kumenya.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anasema karibu. Yaani amesema mengi, lakini la heri ni hilo moja."

Nikapiga magoti nikanyoosha jani. Bibi akalitazama, akanitazama. Akafuta mikono kwenye kitenge, akalipokea. Kisha akasema polepole, akisubiri nitafsiriwe: "Isale nimeipokea, hasira imekwisha. Lakini mtoto ni habari nyingine. Nyumba hii ina ng'ombe, ina mbuzi, na ilikuwa na mtoto anayeongea kuliko wote. Sasa anayeongea zaidi ni ng'ombe. Nikikurudishia, utanipa nini?"

Hakungoja nijibu. Akasema, "Basi nitakwambia. Kila Alhamisi utakuja hapa, ukae pale kwenye kigoda, unieleze umewafundisha nini watoto wiki hii. Mimi ndiye mzazi, nina haki ya kujua. Na utanieleza kwa lugha ninayoisikia. Ukishindwa, utavaa hicho." Akaelekeza kisu mlangoni. "Siku nitakayokuelewa, mtoto atakuja shule."

Mwalimu Barnaba alitafsiri yote hayo bila kutabasamu, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Alhamisi ya kwanza nilifika peke yangu. Nilikuwa nimekariri maamkizi njiani. Nilipomwona yule bibi yakayeyuka yote, nikabaki nimekodoa macho. Akainuka, akatungua kibao, akanivisha. Nikapanda kilima nacho, kilometa nzima, kupita vihamba vya wazazi wa wanafunzi wangu. Watu wakatoka kwenye migomba kuniangalia. Penye kilabu cha mbege, ile pombe ya ndizi, wanaume waligeuka wote, nikangoja matusi. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia. "Pole Mwalimu," akasema kwa Kiswahili. "Mimi changu nilivaa muhula mzima. Ndiyo maana uliponiita kwenye kikao cha wazazi sikuja. Nikiona lile geti shingo inawasha." Na wa pembeni yake akasema, "Hata mimi." Na mwingine.

Miezi yote ile nilikuwa nikiandika kwenye taarifa zangu kwamba wazazi wa eneo hili hawana mwamko wa elimu. Mwamko walikuwa nao, jamani. Waliamka alfajiri, wakachangia mbao, wakatuletea walimu ndizi na maharage, wakatoa watoto wakiwa wamepakwa mafuta mpaka visigino. Walichokuwa hawana ni sababu ya kuingia getini.

Jumatatu nikaingia darasani nikawaambia wale watoto waliobaki: wiki hii walimu ni nyinyi, nifundisheni. Walinitazama kama nimerogwa. Mmoja akajaribu neno moja kwa woga, nikalirudia vibaya, wakacheka, basi darasa likalipuka. Sijapata kuwasikia wakisema vile. Kila kitu wakanitajia kwa lugha yao, na mimi kila kimoja nikawapa kwa Kiswahili, nikakiandika ubaoni, wakakisoma. Kufikia Alhamisi walikuwa wamejifunza maneno mengi kuliko nilivyowatwisha muhula mzima. Habari ikateremka majumbani. Wiki iliyofuata katika wale ishirini na wawili wakarudi kumi na saba.

Felista hakurudi. Alhamisi ya pili nikavaa kibao. Ya tatu nikakivaa, ingawa Bibi aliniongezea kikombe cha maziwa mgando baada ya kujua kwamba mimi mbege sinywi. Zilibaki wiki mbili.

Alhamisi ya nne nilikaa kwenye kigoda nikaanza. Nilimwamkia vizuri. Nikamweleza kwamba tumesoma herufi, tumehesabu mpaka ishirini kwa mbegu za kahawa, tumeimba. Bibi anaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka. Nikavimba kichwa, nikataka kumweleza habari ya kuku tuliyemchora ubaoni. Sijui nilisema nini, na mpaka leo hakuna aliyekubali kuniambia. Bibi Manka aliachia kisu. Alicheka mpaka akajiegemeza ukutani, machozi yanamtoka, anajipiga mapaja.

Na nyuma ya zizi ikatoka sauti, ndogo, ya kukwaruza, ya Kiswahili:

"Si hivyo, Mwalimu."

Bibi akanyamaza ghafla. Nikageuka. Felista alikuwa amesimama na majani ya ng'ombe mkononi. Akalisema lile neno sawasawa kwa Kichagga, akangoja. Nikalirudia. Akatikisa kichwa. Akasema tena, nikarudia tena, mara ya tatu akaridhika. Bibi Manka alijifunika uso kwa kitenge, na safari hii hakuwa anacheka.

Kesho yake, Ijumaa, nilipoita jina la Felista kwenye daftari, hakunyanyua mkono. Alisema, "Nipo." Nikaweka tiki mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nilimwomba Bibi anirudishie kibao nikichome moto. Akakataa. Akasema ni mti mzuri, fundi amekitengeneza vizuri, kosa si la mti. "Nitakitafutia kazi nyingine," akasema. Sikukiona tena. Lakini Alhamisi sikuziacha. Kila Alhamisi nilikaa kwenye kigoda cha mzazi fulani, na kama sikuwa na zamu kwa mwingine, nilikaa kwa Bibi Manka. Basi wewe mrefu wa hisabati, ndiko nilikokuwa nikienda.

Niliyojifunza kwenye vigoda hivyo hayamo kwenye kitabu cha mwongozo. Usiitishe kikao cha wazazi siku ya soko, utapata wanaume watatu wasiojua watoto wao wako darasa la ngapi. Mzazi akija shuleni, mpe kiti kabla hujampa habari. Usimwambie mama kosa la mtoto kabla hujamtajia jambo moja zuri, na kama huna zuri la kutaja, bado hujamtazama mtoto huyo. Na neno "mzito" lisionekane kwenye ripoti yoyote. Mimi niliwahi kuliandika.

Miaka ya tisini ikaja na mambo yake. Bei ya kahawa ilianguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, na mjini zikafunguliwa shule za kulipia zenye mabasi na soksi ndefu. Wazazi wenye uwezo wakahamisha watoto. Sikuwalaumu, maana hata mimi nilimpeleka binti yangu Salama huko. Ndiyo, mimi. Nilitaka ajue Kiingereza mapema, kama kila mtu.

Wiki ya tatu Salama akarudi nyumbani amekunja mikono kifuani. Nikamvua sweta. Chini yake kilikuwepo kipande cha boksi kwenye uzi, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba amesema Kiswahili. Kiswahili! Lugha aliyonyonyea. Nikakaa kitandani na lile boksi mkononi, nikaona aibu ambayo sijawahi kuona. Nilipokwenda shuleni kwake, mwalimu kijana, mpole kabisa, akaniambia, "Mama, inawasaidia, wanakamatana wenyewe." Nikaisikia sauti yangu mwenyewe.

Alhamisi hiyo nilikwenda na Salama kwa Bibi Manka. Alikuwa ameshazeeka, macho yamefifia. Nikamweleza yote kwa Kichagga changu chenye lafudhi ya Tanga. Nilidhani atacheka, na ningestahili. Hakucheka. Alimpa mtoto maziwa, akapapasa lile boksi, akaniuliza, "Na wewe, nani atakuletea isale?"

Hakuna aliyeniletea. Jumatatu nilimwandikisha Salama hapa, kwenye shule hii ya serikali ya vumbi na matope, akakaa dawati la mbele. Walimu wenzangu wakasema nimerukwa na akili, wenzako wanatoa wewe unarudisha. Leo Salama ni muuguzi, anajua lugha tatu na anagombana kwa zote.

Bibi Manka alifariki mwaka mmoja kabla ya serikali kufuta ada, ule mwaka madarasa yalipofurika mpaka tukafundishia chini ya paa la kanisa. Nilikwenda mazishini. Kibao sikukiuliza, si siku ya kuulizia vibao.

Sasa nimalizie na siku yenu ya kuniaga, maana kuna jambo lilipita pale wengi wenu hamkulielewa. Mlimwona yule mama wa kamati ya shule aliyekuja na kibuyu? Huyo ndiye Felista. Ni afisa ugani, kazi yake toka asubuhi mpaka jioni ni kuongea na wakulima, na wakulima wanalalamika kwamba hanyamazi. Binti yake, Manka mdogo, yuko darasa la kwanza, lile lile.

Alinipa kibuyu cha maziwa mgando, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi aliacha neno. Alisema, siku Mwalimu akiondoka mrudishieni kilicho chake, lakini chombo hakirudishwi kitupu." Sikuelewa. Nikashika kifuniko nifungue. Kilikuwa cha mti mweusi kwa mafuta ya maziwa, kimechongwa kando kikae mdomoni mwa kibuyu, na juu kina tundu na kipande cha kamba ya katani cha kukivutia. Nikakigeuza. Upande wa ndani, uliokuwa ukitazama maziwa miaka yote hiyo, kulikuwa na mwandiko wangu. Ulikuwa umefifia, lakini mwandiko wangu ninaujua.

Mkadhani ninalia kwa sababu ya kustaafu. Nililie ustaafu wa nini? Nililia kwa sababu ya yule bibi aliyekipa kibao changu kazi ya heshima kuliko niliyokipa mimi, na kwa sababu ya shingo zote zilizokivaa, pamoja na yake.

Mlinipa kipaza sauti nishukuru. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili kwa Kiswahili cha Tanga, kimepigwa pasi. Nikaikunja. Nikanywa maziwa mbele ya watu wote, nikafuta mdomo, nikawageukia wazazi na kuwashukuru kwa Kichagga, sentensi ndefu, yenye mapambo. Wazee wakaitikia. Na kutoka kwenye mstari wa darasa la kwanza, sauti ndogo lakini wazi kabisa, ikasema:

"Si hivyo, Mwalimu!"

Felista akajifunika uso. Mwalimu wa zamu akaanza kwenda kumnyamazisha mtoto, nikamzuia kwa mkono. Nikamwita Manka mdogo aje mbele, nikainama, akaniambia neno sikioni. Nikalisema kwenye kipaza sauti. Akatikisa kichwa. Nikasema tena, polepole, mpaka akaniambia sasa ni sawa.